Posho ya Kimea

Tabitha mwanangu,

Fundi wako wa nywele ana maneno mengi kuliko vidole, na leo namshukuru Mungu kwa hilo. Umetoka hapa saa nane, na ninavyomfahamu yule dada, hakuachii kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nimekaa jikoni, nimechana karatasi za katikati za daftari lako la hesabu, na ninaandika. Usinune, zilikuwa tupu.

Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Mikumi, na safari hii unaondoka na begi kubwa. Madam Rehema, mwenye hoteli, amekupa nafasi ya pili na amesema hakuna ya tatu. Utapika lita arobaini za bia ya mtama mbele ya macho yake. Ukifaulu, kazi ni yako na chumba ni chako. Usipofaulu, unarudi Kilosa. Najua una hofu, hata kama unajifanya kucheka na simu. Tangu juzi unaacha nusu ya ugali, na wewe si mtu wa kuacha ugali.

Sitakuandikia mambo ya kila siku. Kuamkia wakubwa unajua, kufua unajua, kanisa utalitafuta mwenyewe, na wale nyani wanaoiba mikate madirishani umeshapambana nao. Nakuandikia habari ya maji. Na kabla sijaanza kuzunguka, maana najijua kwa kuzunguka, niseme moja kwa moja: mara ile ulipotoa lita thelathini badala ya arobaini, hukukosea wewe. Nilikukosesha mimi, na nilijua ninachofanya.

Kama hukuelewa, rudia kusoma. Mimi siwezi kuiandika mara mbili.

Sasa ngoja nianzie mbali kidogo. Si kwa ajili ya kujitetea. Ukifika mwisho utaamua mwenyewe kama nimejitetea au la, na ukiona nimejitetea, useme.

Bibi yako, mama yangu mimi, hukumkuta. Alikuwa mpika pombe kule juu milimani, Ukaguruni, na pombe yake haikuwa komoni. Komoni unaijua, nzito, mtu anakunywa huku anatafuna, na ukikosea maji hakuna atakayegundua. Yeye alipika pombe ya kuchuja. Kimea cha mtama analoweka kwenye maji ya moto, anakiacha mpaka maji yawe matamu, halafu anayachuja polepole. Machicha yanayobaki anayasuuza kwa maji mengine ya moto, utamu uliojificha utoke, ndipo anachanganya maji ya kwanza na ya pili na kuyachemsha pamoja. Ndiyo hiyo hiyo wanayoitaka wageni wa Madam Rehema, ila wao wanaitia kwenye chupa na kuibandika picha ya tembo.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili aliponiweka mbele ya pipa na kuniuliza, "Eliza, nimetia ndoo tatu. Zitatoka ngapi?"

Nikajibu kwa haraka, maana shuleni nilikuwa wa kwanza, "Tatu, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, kwa Kikaguru, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nilikuwa mvivu wa kukufundisha lugha yetu, "Kimea kinafanya kazi tangu asubuhi, halafu unataka kiondoke bure? Kinataka posho yake."

Hilo neno posho alilitoa kwa babu yako. Babu alikata mkonge kwenye mashamba ya bondeni ujana wake wote, na huko posho ilikuwa unga na maharage unayopewa juu ya mshahara, uwe umefanya vizuri au vibaya. Basi bibi akasema kimea nacho ni kibarua. Kila kilo moja inakunywa lita moja ya maji na haiirudishi. Uminye, ukamue, ukalie, hairudishi. Hiyo ndiyo posho ya kimea. Unaitoa kwanza, ndipo unahesabu yako.

Wewe neno hilo hujawahi kulisikia nyumbani kwangu. Umekulia kwenye harufu ya kimea, umechochea, umechuja, umegombana na walevi kwa niaba yangu, na neno posho hujalisikia hata siku moja. Hebu fikiria nilivyojitahidi.

Unakumbuka nilivyokuwa nakutuma? Tukishapima kimea, tukishachanganya pumba za mpunga ili machicha yasigandamane, nikifika tu kwenye maji, "Tabitha, kuni hazitoshi, kimbia uani." Ukirudi na kuni, pipa limeshajaa. Siku nyingine ilikuwa kata, "nenda kaazime kata kwa Mama Issa," na kata ninayo, nimeikalia. Siku moja ulikuwa kidato cha pili ukaniambia, "Mama, kwa nini kila siku kuni zinaisha wakati mmoja?" Nikakufokea kwamba unanijibu. Hukuwa umenijibu vibaya, mwanangu. Ulikuwa umeuliza swali la mtu mwenye akili, na mimi nilishtuka.

Kwa nini? Sasa ndiyo nafika.

Mimi niliondoka kwa mama yangu nikiwa na miaka ishirini, najua kila kitu. Baba yako alikuja kijijini kununua maharage, mjukuu wa watu wa reli, shati limenyooshwa mpaka linakata, anaongea Kiswahili cha mjini. Nikashuka naye mpaka Kilosa. Bibi hakunizuia. Alinipa kata yake ya kibuyu na akaniuliza maswali ya maji njia nzima mpaka tulipoagana, ndoo nne kimea hiki, ndoo sita kimea kile, na nikajibu yote bila kukosea. Akasema, "Haya, huna cha kuniuliza tena." Nilidhani ananisifu.

Kweli sikuwa na cha kumuuliza. Na kwa kuwa sikuwa na cha kumuuliza, sikwenda. Mwaka wa kwanza nilisema barabara mbaya. Mwaka wa pili nilisema mimba. Hukuwa wewe, alikuwa yule aliyetangulia na hakukaa. Halafu ikawa mvua, ikawa mavuno, ikawa daraja limeondoka na mafuriko. Alikuwa anatuma salamu kwa watu wanaoshuka sokoni. Salamu ya mwisho aliileta mama mmoja wa kule kwetu, akasimama mlangoni na kikapu chake kichwani, hata kukaa hakutaka. Akasema, "Mama yako anasema macho yake hayaoni tena alama za kwenye pipa. Anaomba uende ukampimie maji mara moja tu."

Nikamwambia, "Mwambie nitakuja Jumamosi."

Sikutaja Jumamosi ipi. Alizikwa kabla sijaichagua.

Ulipozaliwa nikakushika nikasema moyoni, huyu sitamwachia ajue yote. Nisikufiche, nilisema hivyo kabisa, wewe ukiwa na siku tatu na uso mwekundu. Nilidhani nimegundua jambo. Nilidhani mama yangu alikosea kunipa yote, kwamba mtu akipewa yote anaondoka asirudi, kwa hiyo dawa ni kubakiza kitu kimoja nyumbani, kitu kidogo, ambacho lazima arudi kukiuliza. Nikachagua maji. Na baba yako alipofariki, ukiwa darasa la tano, nyumba ikawa mimi na wewe tu, nikashikilia zaidi.

Haya. Sasa ile simu.

Ulinipigia kutoka Mikumi, asubuhi, sauti yako iko juu kwa furaha. "Shikamoo mama. Nina kilo kumi za kimea, Madam anataka lita arobaini. Nitie maji kiasi gani?" Nilikuwa nimesimama hapa hapa nilipokaa. Nikakuuliza sufuria lao likoje, ukaniambia ni pana, na kwamba umelijaribu kwa maji matupu na kwa saa moja na nusu ya moto yanapungua lita sita. Nikakuuliza koki ya pipa la kulowekea iko wapi, ukasema iko juu kidogo, lita mbili hazifiki kwenye koki. Mwanangu, ulikuwa umeshapima kila kitu ambacho mtu anaweza kupima bila kuambiwa. Ulikuwa umebakiza kitu kimoja tu, kile nilichokificha.

Jibu nilikuwa nalo kabla hujamaliza kusema. Sitini. Nikakuambia, "Hamsini. Thelathini za kulowekea, ishirini za kusuuzia." Ukasema, "Asante mama, bila wewe sijui ningefanyaje." Nikakata simu nikaosha sufuria ambalo lilikuwa safi.

Nilitarajia nini? Nilitarajia utapungukiwa, utanipigia, nitakuambia "ngoja nije nikuonyeshe," nitapanda gari nije Mikumi na kitenge changu kizuri, nitengeneze, na wote waone kwamba bila mama hakuna bia. Ndiyo, mambo ya kitoto kabisa, mtu mzima na mvi zake. Ila wewe hukupiga. Uliona aibu kunisumbua mara ya pili. Ulipoona ni lita thelathini tu, ukajazia kumi za maji matupu ili ufikie arobaini aliyoitaka mwenye hoteli, na Madam Rehema akaonja, akaweka glasi mezani, akauliza mbele ya wapishi wote, "Hii ni bia, au ni maji mliyosuuzia glasi?"

Hayo ulinisimulia mwenyewe uliporudi, ukiwa umekaa kwenye kile kigoda, begi bado liko begani. Ulilia. Ukasema, "Mama, mimi sina kichwa cha hesabu. Labda hii kazi si yangu." Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Labda moto ulikuwa mkali." Nikausingizia moto! Halafu nikakupakulia wali, nikakuambia, "Usijali, tutapika wote hapa hapa nyumbani." Na ukweli, Tabitha, na unaniuma kuuandika, moyoni nilifurahi. Mtoto wangu analia na mimi nafurahi kwa sababu amerudi.

Furaha yenyewe haikudumu wiki. Ulinunua daftari hili. Kila siku ukimaliza kazi unakaa na kalamu, unaandika hamsini kutoa sita, kutoa mbili, kutoa mbili, unapata arobaini. Kwenye karatasi inatoka arobaini, kwenye pipa ilitoka thelathini. Umeandika hesabu hiyo hiyo kurasa kumi na moja, nimezihesabu leo. Mahali pengine umepigia mstari mpaka karatasi imetoboka. Chini yake umeandika, "Kumi zimekwenda wapi?" Nimekaa na ukurasa huo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri.

Kumi zilikwenda kwenye kimea. Ilikuwa posho. Kilo kumi, lita kumi.

Sasa chukua kalamu, na safari hii nakupa yote.

Anzia mwishoni urudi nyuma. Usiulize nitie kiasi gani, jiulize nataka nibaki na kiasi gani. Unataka arobaini kwenye pipa la kuchachulia. Ukishachemsha, chini ya sufuria yatabaki mashapo, lita mbili, yaache huko huko, usiyamimine kwa tamaa. Kwa hiyo unahitaji arobaini na mbili moto unapozimwa. Moto unachukua sita, kwa hiyo kabla ya kuchemsha uwe na arobaini na nane. Lita mbili zinabaki chini ya koki, ni hamsini. Posho ya kimea, kumi, ni sitini. Ndiyo jumla ya maji yote utakayoyagusa siku hiyo.

Kuzigawa si kazi. Za kulowekea, tia lita tatu kwa kila kilo: thelathini. Ukifungua koki usishangae zikitoka kumi na nane tu. Kumi zimeliwa, mbili ziko chini ya koki, hakuna aliyeiba. Ulitaka arobaini na nane na una kumi na nane mkononi, basi zilizobaki ndizo za kusuuzia, thelathini. Machicha yameshakula posho yao, hayali mara mbili, kwa hiyo hizo thelathini zitatoka zote. Kilo za kimea zikizidi, posho inazidi. Ukibadilishiwa sufuria, pima tena moto wake. Huhitaji kukariri namba zangu, ukishajua kila tone linakokwenda.

Pumba za mpunga ziloweke kwanza na kuzikamua kabla ya kuchanganya. Zikiingia kavu nazo zitadai chao.

Na maji ya pili yana hatari yake, ambayo niliijua kwa aibu. Pombe yangu ya kwanza hapa Kilosa ilikuwa ya harusi ya ndugu mmoja wa baba yako, na nilikuwa nimewaahidi mapipa mawili. Nilinunua kimea cha mtu wa Magole aliyenipimia kwa sado, lile kopo la kupimia nafaka, lenye mlima juu, na mimi kwa furaha ya mke mgeni nikakimwaga chote bila kukipima upya. Bibi yako alipima sado la kusawazishwa kwa kiganja. Kimea kikawa kingi, posho ikawa kubwa, nikapungukiwa. Badala ya kukubali, nikaendelea kusuuza. Nikamwaga ndoo, nikamwaga nyingine, mpaka maji yakawa yanatoka meupe hayana utamu hata chembe. Nilipata mapipa yangu mawili, naam. Ila ukisuuza kupita kiasi, yanayotoka mwishoni si utamu, ni ukakasi wa maganda. Mjomba wa bwana harusi akanywa, mdomo ukamkunjamana, akaniuliza kwa heshima zote, "Shemeji, hii umechuja kwa magome?" Watu walicheka mwaka mzima. Baba yako alikunywa vikombe vitatu mbele yao bila kukunja uso, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Kwa hiyo onja. Kila baada ya muda kinga kidogo kwenye kijiko, kipoe, onja. Kikiwa bado kina utamu endelea; kikianza kukausha mdomo funga koki, hata kama hujafika arobaini na nane. Mwambie Madam Rehema, "Nimepata thelathini na nane, na zote ni nzuri." Mtu mwenye akili atakuelewa. Asipokuelewa, utakuwa umeshajua unafanya kazi na mtu wa namna gani.

Umeona nilivyogeuka mwalimu? Niache kidogo, ndiyo mara yangu ya kwanza.

Nimefikiri sana leo juu ya yale niliyoamini. Niliamini bibi yako alikosea. Nilimlaumu, mwanangu, marehemu wa watu, kwamba angenibakizia kitu ningerudi. Leo nikisoma kurasa zako kumi na moja ndipo nimeona kwamba yeye hakukosea hata kidogo. Alinipa yote kwa sababu alitaka nikifika ugenini nisiaibike. Kosa lilikuwa langu, la kutokwenda, na badala ya kulibeba nikakubebesha wewe. Alitaka kuniona tu. Yale maji yalikuwa kisingizio chake, maana mama anaona haya kusema "njoo nikuone." Mimi nasema bila haya. Njoo nikuone ukipata likizo. Njoo bila swali lolote.

Kwa Madam Rehema, mwambie ukweli. Usinifunike. Mwambie, "Hesabu ile alinipa mama yangu, na alinidanganya." Akitaka namba yangu mpe, nitamwamkia hata kama ni mdogo kwangu na nitamwambia mwenyewe. Hapa kanisani wengi wanajua nauza togwa isiyolevya, na wale wanaojua zaidi wananyamaza kwa sababu waume zao ni wateja wangu. Kwa hiyo kusema mbele ya mgeni kwamba mimi ni mpika pombe, na kwamba nimemharibia mwanangu pombe kwa makusudi, si jambo dogo kwangu. Nitasema.

Na wewe unaweza kunikasirikia. Sikuombi usikasirike. Nilichoogopa miaka yote hii ni hii nyumba ikiwa kimya, nisikie redio ya jirani kupitia ukutani na nipike kikombe kimoja cha mchele. Bado naogopa. Kesho jioni nitaogopa zaidi. Ila hiyo ni hofu yangu, na nilikufanya wewe uamini huna akili ili mimi nisiogope. Una akili, Tabitha. Una akili kuliko mimi na kuliko bibi yako, na ulipima moto kabla hujaambiwa. Nisamehe. Hata usiponisamehe leo, hilo la akili liamini leo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kuikunja barua hii na kuisokomeza katikati ya nguo zako, ndani ya kile kitenge kipya, uikute ukishafika. Ungesoma kule peke yako, ungelia peke yako, na mimi ningekuwa huku Kilosa nikisubiri hasira ipoe ndipo nipige simu kusema "umefika salama?" Mpango wa mtu mwoga. Nimeuona nilipofika ukurasa huu na nimejichukia kidogo.

Hapana. Utaisoma hapa jikoni, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kunipigia kelele, piga, majirani wasikie. Ukitaka kuuliza, uliza, leo nina majibu. Ukitaka kunyamaza mpaka kesho stendi, nitakubebea begi na nitanyamaza na wewe.

Mlango wa uani umelia. Umerudi mapema, yule fundi amepatwa na nini leo? Nakusikia unamwamkia Mama Issa, na yeye anaitikia marahaba na kuzisifia nywele, anakuuliza kama kweli ni kesho. Unamjibu, "Ndiyo, kesho, niombee." Sina nafasi ya kusoma nilichoandika kama kimekaa sawa.

Tabitha, usivue hata viatu. Njoo hapa, ukae, nina kitu cha kukupa.

Ni mimi mama yako,
Eliza.